Kukumbuka ni Kusimama

Mara nyingi tunasema tunakumbuka. Lakini mtu anayekumbuka kweli hufanya nini?

Katika maabara, wanasayansi hupima kumbukumbu ya panya kwa njia rahisi. Humwekea vitu viwili vinavyofanana ndani ya sanduku, avinuse na kuvizoea. Baadaye humrudisha, kimoja kikiwa kimebadilishwa. Akikaa zaidi kwenye kile kipya, wanajua kwamba anakikumbuka kile cha zamani. Kumbukumbu yake huonekana katika kukipita.

Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kutambua harufu ya kifua kikuu katika makohozi. Huyu akikutana na harufu anayoijua, hapiti. Husimamisha pua yake juu ya sampuli, na kwa kusimama huko wamepatikana wagonjwa ambao darubini iliwakosa.

Sisi Wakristo wa Unguja tunafanana na yupi? Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Madhabahu yake, kama tulivyosimuliwa na wazee, iko palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Wageni wakifika hapo hunyamaza. Sisi tumepazoea; tunapita tukiwahi viti.

Tena, katika baadhi ya nyumba zetu yumo binti wa kazi aliyeletwa kutoka shamba au Bara. Huamka wa kwanza, hulala wa mwisho, na mshahara wake wa miezi mitatu bado tunao sisi. Kwa kuwa hatuoni mnyororo wala mnada, tunadhani hili ni jambo jingine. Kumbe harufu ni ile ile.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inamwagiza Mwisraeli asimwache mtumishi wake aondoke mikono mitupu. Sababu yake ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa Misri, na Mungu akamkomboa. Kumbukumbu ya namna hiyo haiishii kichwani. Hufika mpaka mfukoni.

Basi tunapoikaribia Meza ya Bwana, aliyetuagiza tumkumbuke, tusipite tu kwa mazoea. Tusimame, tujiulize ni nani anayetusubiri nyumbani, kisha tukampe haki yake kabla jua halijachwa.