Mkono Uliopumzika

Morogoro, jirani na hapa Dakawa, zimeanza kuunganishwa ndege ndogo za Skyleader, zenye asili ya Ucheki. Ndege za namna hiyo huwa na kibapa mkiani kinachompunguzia rubani uzito wa usukani. Kikifungiwa mota ya umeme, rubani hubonyeza kitufe tu, mkono ukapumzika. Ila mota ikigoma kusimama, pua ya ndege hupanda au huinama. Hivyo swichi ya kuikatia umeme huwekwa karibu.

Msomaji wangu, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliiachia kamati kesi za nidhamu, mimi nikitia saini. Hivyo nikamfukuza mwanachuo asiye na kosa. Lawama ni ya nani? Kamati ilikosea, lakini saini ilikuwa yangu, na nilipoiandika sikuhisi uzito wowote. Baadaye nilimfuata kwao, walikuwa wamehama.