Baba Anayejitoa

Jumapili baada ya Pentekoste Kanisa huadhimisha Utatu Mtakatifu. Alhamisi inayofuata, au Jumapili baada yake, huja sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Papa Urbano IV aliiagiza kwa Kanisa zima mwaka 1264. Sherehe hizi mbili ni majirani, na baba wa familia ana la kujifunza kwa zote mbili.

Mungu hajawahi kuwa mpweke. Tangu milele Baba humpa Mwana yote, Mwana humrudishia Baba yote, na upendo wao ni Roho Mtakatifu. Katika Misa tunaingizwa humo: Sala ya Ekaristi huelekezwa kwa Baba, kwa njia ya Kristo, katika umoja wa Roho Mtakatifu.

Basi ubaba wa hapa duniani nao, kwa mfano wa Baba huyo anayetoa yote, hupimwa kwa kujitoa. Siku ya ubatizo, wazazi huitwa kumwekea mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso. Kazi ile haikuishia kanisani. Hata hivyo, katika jumuiya ndogondogo nyingi za Kikristo akina mama ndio wanaojaa, na baba hutuma mchango. Mchango ni mwema, lakini watoto wanamhitaji mwenyewe.

Baba, Jumapili hii keti benchi moja na wanao. Jiandae vema, upokee Komunyo wakikuona. Na usiku, kabla hawajalala, mbariki kila mmoja kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.