Maji Yalikuwepo

Likizo iliyopita tulipiga hema kando ya Jackson's Pool, ziwa dogo juu ya Mlima Elgon, kwenye njia ya kilele cha Wagagai (mita 4,321). Alfajiri, mwenzetu wa mwaka wa kwanza, aliyetetemeka kwa homa usiku kucha, aliniuliza kama anaweza kutayamamu. Mimi, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, nikamjibu: "Maji si haya hapa?" Akatawadha. Kulipokucha tulimteremsha mlima tukimshika mikono.

Niliporudi chuoni niliisoma upya Hadithi aliyoipokea Abu Dawud. Msafiri aliyejeruhiwa kichwani alipatwa na janaba, akawauliza wenzake swali kama lile. Wakamkatalia kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akasema dawa ya kutojua ni kuuliza.

Ruhusa niliyomnyima haikuwa yangu. Kumtwisha mgonjwa uzito ambao Mola amemwondolea si uchamungu. Ni ujinga uliovaa kilemba. Aliyeumba baridi ya mlima ndiye aliyeturuhusu udongo.

Mwenzangu amepona, alhamdulillahi. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Wallahu a'lam.