KUNUNUA GARI LA KASI KWA DENI

Twawaletea wasomaji wetu mas'ala ambayo hatukuletewa kwa barua, bali tuliyakuta mezani tukiwa ugenini.

Tulikuwa Nairobi kumzuru mgonjwa wetu katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Baada ya kuswali adhuhuri, kijana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Mombasa aliyepata kazi huko, akatuchukua tule Kenyatta Market. Asiyepajua na ajue kuwa ni soko lililo karibu na Barabara ya Mbagathi, upande wa kuelekea Kibra, nalo ni mashuhuri kwa mambo mawili: nyama ya kuchoma, na wasusi ambao humwita kila mwanamke apitaye mpaka akaona haya kukataa. Tuliuliza kwanza ni nani aliyechinja, tukaridhika, tukaketi.

Nyama haijaletwa, kijana akatoa simu akatuonyesha picha ya gari. Lilikuwa Subaru WRX la rangi ya samawati, lenye injini ya lita mbili iliyotiwa turbo. Akasema, "Maalim, niombee dua. Wiki ijayo nalichukua."

Tukamuuliza, "Umelilipa, mwanangu?"

Akajibu, "Nimetoa arubuni laki mbili kwenye yadi ya Ngong Road. Zilizosalia yatoa benki, nami nitailipa kwa miaka minne. Tena ni dirisha la Kiislamu, Maalim, hamna riba."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuache nyama ikapoa. Tunaandika haya kwa kuwa vijana wetu wengi hulisema kama mtu asemaye nenosiri la kupita mlangoni.

Na tuanze na kodi, kwani mnunuzi huiona bei ya yadi akadhani ni bei ya gari. Sisi watu wa Mombasa twayaona magari haya yakiteremshwa Kilindini, lakini ni wachache wetu wanaojua yanatozwa nini kabla ya kutoka bandarini. Kwa viwango vilivyokuwa vikitumika mwaka 2025, gari lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 35 ya thamani yake. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo ukawekwa ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, asilimia 25 kwa iliyozidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli iliyopita cc 3,000. Juu ya jumla ya hayo yote ikawekwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Kisha ada ya tamko la uingizaji, asilimia 2.5, na tozo la reli, asilimia 2, zote mbili juu ya thamani ya kwanza.

Tulichukua karatasi ya kufungia nyama tukamfanyia hesabu. Tuseme forodha imeikadiria thamani ya gari la lita mbili kuwa shilingi milioni moja. Ushuru wa forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa, robo ya 1,350,000, ni 337,500. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 ya 1,687,500, yaani 270,000. Ada ni 25,000 na tozo la reli 20,000. Jumla ya yote ni 1,002,500. Maana yake, anunuaye gari moja amelipa magari mawili, moja amelipanda na la pili amelipa serikali. Na lau injini ingezidi cc 3,000, kodi ingefika 1,159,100 juu ya milioni ile ile.

Wako watakaosema kwamba dawa yake ni kuandikisha ankara ya bei ndogo. Kwanza, huo ni uwongo ulioandikwa na kutiwa saini, na Muislamu haulizwi mara mbili juu ya uwongo. Pili, kwa magari yaliyokwisha tumika ni uwongo usio na faida hata ya dunia, kwani Mamlaka ya Mapato haiifuati ankara yako. Ina orodha yake ya bei za magari mapya, na hupunguza kwa kadiri ya umri wa gari, nao umri wenyewe hauruhusiwi kuzidi miaka 8.

Wengine, wenye maduka na kampuni, husema, "Nitaliandika kwa jina la kampuni, lipunguze kodi ya mapato." Hapa pia kuna mlango mwembamba kuliko wanavyodhani. Kwa gari lisilokuwa la kazi ya biashara, sheria ya Kenya haikubali kuhesabu zaidi ya shilingi milioni 3 za gharama yake, hata kama limenunuliwa kwa milioni 8. Kodi ya ongezeko la thamani iliyolipwa juu ya gari la abiria hairejeshwi. Na mfanyakazi apewaye gari hilo atumie kwa mambo yake, huhesabiwa kila mwezi asilimia 2 ya gharama yake kuwa ni sehemu ya mshahara. Gari la milioni 5 humwongezea shilingi 100,000 za kutozwa kodi kila mwezi. Likiwa ni la kukodi, hutazamwa gharama ya kukodi. Afadhali mtu ayajue haya kabla ya kujipongeza.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe.

Benki ya kawaida humwambia mtu: asilimia 10 kwa mwaka. Kijana husikia kumi, akaona ni kidogo. Lakini mara nyingi kumi hiyo huhesabiwa juu ya deni la mwanzo mpaka siku ya mwisho, ijapokuwa mdaiwa amekwisha rejesha nusu. Milioni 2 kwa miaka 4 huzaa 800,000, na kila mwezi atalipa kiasi cha 58,333. Ukiipima riba hiyo kwa deni lililosalia kweli kweli, utaikuta inakaribia asilimia 18. Tumeyataja haya si kwa kuwa riba ya asilimia 3 ingekuwa halali. Aya za mwisho wa Suratul Baqara hazikuweka kiwango, na aliyezisoma akaziamini hana haja ya hesabu yetu. Tumeyataja ili ajue kwamba alichokatazwa ni kile kile kinachomla.

Akasema kijana, "Basi si ndiyo sababu nimekwenda dirisha la Kiislamu?"

Tukamuuliza, "Ankara ya yadi imeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Na arubuni ameitoa nani?"

"Mimi."

"Basi gari hilo benki italinunua kwa nani, ilikuuzie wewe?"

Akanyamaza.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye mas'ala yote. Murabaha ni biashara. Benki yanunua gari, yalimiliki, yabeba dhamana yake, kisha yakuuzia kwa bei inayojulikana, na faida yake inayojulikana, ukalipa kidogo kidogo. Majmaa ya Fiqhi ya Jedda katika mkutano wake wa mwaka 1990 iliijuzisha bei ya kulipa baadaye kuwa zaidi ya bei ya taslimu, kwa sharti kwamba bei ikishakatwa haiongezeki kwa kuchelewa. Lakini Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho, na hadithi hiyo ndiyo nguzo. Ikiwa mtu ameshalinunua gari mwenyewe, au ameshajifunga na yadi kwa jina lake, benki haina cha kumuuzia. Ilichobakiwa nacho ni fedha, inampa fedha ili irejeshewe fedha zaidi. Kubandika neno la Kiarabu juu yake hakuibadilishi, kama vile kuandika "asali" juu ya chupa ya siki.

Tumewasikia wengi wakisema kwa kejeli, "Mbona jumla ni ile ile? Huku laki nane, na kule laki nane." Tunawajibu kwamba ni kweli, mara nyingine jumla hulingana, na pengine ya Kiislamu huzidi. Lakini gari likiungua usiku ule kabla hujakabidhiwa, katika murabaha ya kweli hasara ni ya benki. Na ukichelewa kulipa, deni halizai. Wakikutoza adhabu, yapasa iende kwa masikini, isiingie katika faida yao. Ulizeni hayo mawili kabla ya kutia saini, na ombeni mwonyeshwe yalipoandikwa. Benki zenye kufuata sheria hii zipo Kenya tangu mwaka 2008, nazo zina bodi za masheikh. Hakuna haya kuwauliza.

Ipo njia nyingine, nayo ni ijara, yaani kukodi. Benki hubaki na umiliki wa gari, nawe hulipa kodi ya kulitumia, na mwisho wa muda hukupa au kukuuzia kwa mkataba mwingine. Kwa gari la kasi njia hii ina maana zaidi, kwa sababu bima ya magari hayo ni ghali na ajali zake ni nyingi. Katika ijara iliyo sahihi, matengenezo ya msingi na bima ni juu ya mwenye mali, ingawa aweza kuyazingatia anapokata kodi. Mafuta na matairi ni yako. Gari likiangamia pasipo uzembe wako, kodi husimama. Mkataba ukisema utaendelea kulipa hata gari likiwa majivu, hiyo si ijara.

Na mwenye kukopa kwa njia ya kawaida ajue pia haki yake ya kisheria, maana dhulma haifai hata ndani ya haramu. Kwa mikataba iliyo chini ya Sheria ya Ununuzi wa Kukodi, Sura ya 507, mnunuzi akishalipa thuluthi mbili za bei, gari haliwezi kuchukuliwa tena kwa nguvu ila kwa kupitia mahakama. Wangapi wamenyang'anywa magari barabarani bila kujua hayo!

Kijana alikuwa bado kimya. Tukamkumbusha habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa ndiyo, dinari chache, naye akawaamuru masahaba wamswalie wao, hakumswalia mpaka Abu Qatada alipolidhamini deni lile. Deni lile halikutajwa kuwa la anasa. Tukamuuliza mshahara wake, akatutajia. Fungu la kila mwezi lingechukua zaidi ya nusu, na mama yake yuko Majengo akitazamia apelekewe chochote.

Ikabaki arubuni. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, arubuni ya kupotea mnunuzi akighairi haifai. Imam Ahmad aliijuzisha, na Majmaa ya Fiqhi mwaka 1993 ikaifuata kauli hiyo kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umetajwa. Tukamwambia arudi yadi kwa upole, aitake fedha yake, kisha kama bado ataka gari, benki ndiyo itangulie kwa jina lake, yeye afuate.

Wiki tatu baadaye alitupigia simu. Amerejeshewa laki moja na nusu, hamsini elfu wamezikatalia, naye auliza kama ana haki ya kuzidai. Tumemwambia atusomee risiti: je, muda umeandikwa, au haukuandikwa? Akasema risiti iko ndani ya gari la rafiki yake, ataileta Ijumaa.