Shaka Ndogo na Haki ya Kuambiwa

Liko swali linalowakabili watu wema kuliko waovu: je, ni halali kuficha kweli ndogo ili kulinda faida kubwa? Mwovu huficha kweli kwa manufaa yake, na kumlaumu si kazi. Mwema huificha kwa ajili ya wengine, na hapo ndipo hukumu inapokuwa nzito.

Tufikiri juu ya mama wa Ilagala, pale Mto Malagarasi unapokaribia Ziwa Tanganyika. Amempeleka mtoto wake kuchanjwa. Baada ya majuma machache nywele za mtoto zinanyonyoka, zikiacha mabaka laini ya mviringo kama sarafu. Si mapunye, maana hapana magamba. Ni maradhi ambayo askari wa mwili, waliowekwa kuulinda, huyageukia mashina ya nywele na kuyashambulia. Majirani wanasema, "Ni sindano." Mganga wa zahanati ajibu nini?

Akisema kuwa jambo hilo halijapata kusikika, atasema uwongo. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za watu 60 walionyonyoka nywele baada ya chanjo mbalimbali. Wengi walikuwa wamepewa chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wa Tanzania nao hupewa. Na baadhi yao nywele ziliwatoka tena walipochanjwa mara nyingine. Lakini akisema kuwa sindano ndiyo sababu, atavuka mpaka wa ujuzi. Maradhi ya namna hii huwapata watu wapatao 2 katika kila 100 maishani mwao, na wasiochanjwa wamo. Wanapochanjwa maelfu, hapana budi wengine wapatwe nayo baadaye kwa sadfa tu. Mvuvi akitweka tanga, dhoruba ikafuata, tanga halikuizaa dhoruba.

Basi jibu la haki ni hili: "Yamkini, lakini haijathibitika, mara nyingi nywele huota tena, na surua, ambayo chanjo huizuia, huua na kupofusha."

Wako watakaosema kuwa maneno haya yatawatisha watu. Huenda yakawatisha wachache. Lakini mama aliyefichwa habari ya nywele, siku atakapoipata kwingine, atauliza amefichwa nini zaidi. Hatarudi zahanati, na deni la ukimya ule litalipwa na mtoto.

Tena, anayechanjwa hajikingi peke yake. Huwakinga na jirani zake. Jamii inayopokea hisani hiyo haina ruhusa ya kumcheka anapolalamika. Kipara ni kitu kidogo kwa mtazamaji. Kwa msichana anayeingia darasani si kidogo. Malalamiko yake yasikilizwe, yaandikwe, yapelekwe kwa wapimao mambo haya. Maana wale 60 wasingalijulikana kama wasingaliandikwa.

Chanjo huulinda mwili, na imani huilinda chanjo. Aibomoaye imani kwa nia njema amebomoa vile vile.