Ini la Panya na Ini la Binadamu

Ndugu yetu mmoja aliyeko Ekerenyo, katika milima ya chai ya Nyamira, ametuletea swali lililozuka baina yake na walimu wenzake: Je, yafaa panya apasuliwe, apandikizwe seli za ini, kisha auawe, ili ijulikane kwa nini seli hizo hazidumu? Twalijibu kwa kadiri ya elimu yetu.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Ini likiharibika kabisa, tiba yake ya mwisho ni ini la mtu mwingine, na hilo ni adimu kupatikana. Madaktari wakafikiri: badala ya ini zima, zitiwe seli zake tu, kwa njia ya mshipa upelekao damu katika ini. Mwaka 1976 Arthur Matas na wenzake huko Marekani walizitia katika panya wazaliwao na umanjano, na umanjano ukapungua. Mwaka 1998 ikatangazwa habari ya msichana wa miaka 10 mwenye maradhi ya namna hiyo. Alipata nafuu, lakini hakupona. Kikwazo kikubwa ni kuwa nyingi katika seli hizo hufa siku ya kwanza tu: huziba vijishipa, na askari wa mwili huzila. Panya waliopewa dawa za kupanua mishipa, au za kutuliza uvimbe, zilibaki kwao seli nyingi zaidi. Haya yalijulikana kwa kuwapasua panya hao.

Wako wasemao: panya ni katika wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya mipaka mitakatifu ya Makka, basi maneno ya nini? Hao wamechanganya mambo mawili. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (s.a.w.) amemwamrisha hata mwenye kuchinja anoe kisu chake, na alipoulizwa kama kuna ujira katika kuwafanyia wema wanyama, katika jawabu yake alilitaja ini, akalifanya alama ya kila chenye uhai.

Wengine husema huku ni kuchezea maumbile ya Mungu. La ajabu ni kuwa baadhi yao huwaona mbuzi wakichinjwa katika ngoma za pepo, damu ikinywewa, wala hawasemi neno!

Sisi twaona yajuzu, maadamu haja ni ya kweli, mnyama aondolewe maumivu kwa dawa, wala wasitumiwe wengi kuliko haja. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, nayo yataka kibali kwa majaribio ya wanyama. Lakini kibali cha serikali hakimtoshi Muislamu. Jaribio lililokwisha kupata jawabu, likarudiwa kwa kutaka cheo tu, panya wake ameuawa bure. Na hata shomoro aliyeuawa bure tumeambiwa atashitaki mbele ya Mola wake.

Ama seli za nguruwe, ambazo nazo zimejaribiwa, hilo ni swali jingine, na ndugu yetu hakuliuliza.