Miksa na Amana ya Sauti

Je, kuna wema wowote katika kutoweza kubadili tulichokwisha kukiamua? Wahenga walituonya kwamba maji yakimwagika hayazoleki, nasi kwa kawaida tunaupokea usemi huo kama wito wa tahadhari. Siku hizi wapo wanaouelewa kinyume. Wanadai kwamba uamuzi usiofutika ndio unaomfanya mtu awe mkweli, na kwamba mashine zinazoturuhusu kurudi nyuma kila tutakapo zimetulegeza. Madai hayo husikika sana miongoni mwa watu wanaochagua miksa ya studio ya nyumbani.

Mpwa wangu anaishi Peckham, kusini mwa London, katika fleti iliyo karibu na Rye Lane. Chumba kimoja amekigeuza kuwa studio, na nia yake ni kuwarekodi wazee wetu waliohamia huku: tenzi wanazozighani, kasida wanazozikumbuka, nyimbo za harusi ambazo vijana hawazijui tena. Amepata fursa ya kununua miksa kuukuu ya analojia, yenye chaneli 16. Fedha alizo nazo zinatosha ama kwa miksa hiyo, ama kwa kifaa cha kuingizia sauti moja kwa moja katika kompyuta, si kwa vyote viwili. Aliniuliza kipi kilicho bora. Swali linaonekana kuwa la fundi, lakini ndani yake mna swali la amana.

Tutazame kwanza tofauti yenyewe. Katika miksa ya analojia kila chaneli ina kitelezi chake, yaani kile kidude kinachosukumwa juu au chini ili sauti izidi au ipungue. Mahali kilipo kitelezi ndipo ulipo uamuzi. Ukivisogeza kesho kwa kazi nyingine, mpangilio wa leo umekwenda, isipokuwa kama umeuandika karatasini. Kompyuta, kwa upande wake, hukumbuka kila kitu. Waweza kuifungua kazi ya miaka mitano iliyopita na kumpunguza mpiga tari kana kwamba bado yumo chumbani.

Wapenzi wa analojia husema kwamba sauti yake ina joto, na kwa hiyo ina ukweli zaidi. Hapa hapana budi tuwe makini. Sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na saketi na transfoma kuongeza katika sauti vitu ambavyo mwimbaji hakuvitoa. Huo ni upotoshaji, hata kama ni mtamu masikioni. Anayetafuta ukweli hawezi kuutegemea.

Hoja nzito zaidi ni ya uwajibikaji. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti zao na ala zao zilinaswa kwa pamoja, moja kwa moja katika nta. Uwiano baina ya mwimbaji, udi na fidla ulipaswa kupatikana wakati uleule wa kuimba. Baadaye hapakuwa na la kurekebisha. Miongo kadhaa baadaye, bendi za dansi zilizorekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kawaida zilipiga kwa pamoja studioni, na fundi akachanganya sauti papo hapo. Kazi ile ilidai usikivu na ujasiri, kwa kuwa fundi hakuweza kujiambia kwamba atarekebisha kesho.

Lakini tuulize: uamuzi ule usiofutika ulimgharimu nani? Ikiwa sauti ya mwitikiaji ilizama, imezama hadi leo, na anayepungukiwa ni yeye, si fundi. Mafundi wale hawakuichagua hali hiyo kama fadhila. Ndivyo vifaa vilivyokuwa. Sisi tunaoigeuza dhiki yao kuwa maadili yetu tunajipa sifa tusizozitolea jasho.

Hivyo yafaa tutenganishe mambo mawili. Upo uamuzi ambao gharama yake huilipa aliyeamua, na upo ambao gharama yake huilipa mwingine. Mshairi anayekataa kuugusa tena ubeti wake anajifunga mwenyewe. Fundi anayewachanganya wanawake wanane wa wimbo wa harusi katika sauti moja isiyotenganishika anawafunga wao. Leo ataona inafaa kumpaza kiongozi na kuwafifisha waitikiaji. Miaka ishirini baadaye atakuja mjukuu anayemtafuta mmoja wa waitikiaji hao, na kwake yeye sauti ile hafifu ndiyo wimbo wenyewe.

Je, basi kompyuta imeshinda? La, kwani uhuru wa kurudi nyuma una dhambi zake. Kwa kuwa kila kitu kinaweza kusahihishwa, kila kitu huanza kuonekana kosa: pumzi ya mghani hukatwa, kikohozi hufutwa, sauti iliyoyumba hunyooshwa, hata mzee akatoka studioni kama mtu ambaye hajawahi kupumua. Tena kazi isiyolazimika kwisha haimaliziki. Mzee wa miaka themanini hana muda wa kusubiri toleo la kumi na mbili. Akifariki kabla ya kujisikiliza, kule kuahirisha kumekuwa nako uamuzi usiofutika, tena uliofanywa bila mtu kuukiri.

Tunachokihitaji, basi, ni mambo mawili kwa pamoja: sauti ghafi za kila mtu zihifadhiwe mbalimbali bila kuguswa, na juu yake ufanywe mchanganyo mmoja wenye tarehe ya kukamilika. Zipo miksa ambazo kila chaneli ina tundu lake la kutolea sauti kabla haijafika kwenye kitelezi. Lakini hata hizo hazihifadhi kitu pasipo chombo kingine cha kupokea sauti hizo mojamoja. Kwa fedha za kitu kimoja tu, miksa haiwezi kuilinda amana. Nidhamu, kwa upande mwingine, yaweza kupatikana bila miksa: kupanga siku, kumketisha mzee mbele ya spika, kuchanganya akiwa anasikiliza, na kumaliza siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo nimemshauri anunue kifaa cha kompyuta, na miksa ingoje. Nikaongeza sharti moja, kwamba asikate pumzi wala kikohozi kwa hiari yake. Mzee mwenyewe akitaka kikohozi kiondolewe, kiondolewe, maana sauti ni yake. Asipotaka, hata treni inayopita Peckham Rye na ibaki humo.